Kabureta ya Kigari Nambari Nne

Diani,
19 Februari 2024

Kwa mume wangu mkongwe, Babu Tsofa,

Sikuamkii, maana ulinikataza mwenyewe ukisema mke haamkii mumewe kama anayeingia ofisi ya chifu. Nataka tu kujua kama bado unapumua, na kama yale meno matatu uliyobakisha yapo yote. Mke mwenzangu Bibi Hannah mpe salamu zake mbali na zako. Goti lake sijalisahau, dawa ya kuchua nimeifunga humu. Sisi huku hatujambo. Mama yuko Msambweni, mzima, na mbuzi wake mmoja amezaa mapacha.

Ningepiga simu, lakini tangu masikio yako yagome, kila ninalosema unajibu "sawa sawa", hata nikikwambia nyumba inaungua. Na kwa kuwa kuna mzigo wa kukuletea, barua imepata pa kupanda. Anauleta Mwinga jirani yako, ambaye lori lake la vitunguu huja soko la Ukunda kila wiki.

Sasa sikiliza shida yangu. Unajua kwamba hapa kwenye uwanja wa vigari vya mbio mimi nakata tiketi dirishani. Ni vile vigari vya chini chini, watoto wanavizungusha kwenye njia yenye matairi pembeni. Fundi aliyekuwepo aliondoka Januari akaenda Mombasa, na tangu hapo kazi zake ndogo ndogo nazifanya mimi, kitabu cha tiketi kikiwa mfukoni na grisi kwenye viwiko. Bwana Amin, mwenye uwanja, ameona. Juzi akaniambia hivi: kigari nambari nne kikitembea kabla ya Idi, karakana ni yangu na ufundi ni wangu. Kisipotembea, Idi ikipita analeta fundi mwanamume kutoka Mombasa, nami nirudi dirishani. Babu, sitaki kurudi dirishani. Nimeshaonja kazi yenyewe.

Kilichokiua kigari ni kabureta. Petroli iliachwa ndani tangu mwaka jana, na hewa ya chumvi ikamalizia. Imeliwa ndani na sikio moja la boliti limepasuka. Nimeitia humu uione. Nilinunua nyingine Ukunda, mwenye duka akaapa kwamba ni yenyewe. Ukiitazama ni pacha. Ukiifunga, matundu ya boliti yamekaribiana kwa punje ya mchele, na mkono wa akselereta umekaa upande mwingine. Nikairudisha, akaniambia spea ikishavuka mlango haina kwao. Maduka mengine matatu yana hiyo hiyo, na Kwale mjini hawana kabisa.

Nitafutie, mume wangu. Idi ni mwanzoni mwa Aprili.

Mkeo mdogo,
Yusra

*

Mackinnon Road,
27 Februari 2024

Kwa mke wangu mdogo mwenye mdomo mkubwa,

Meno ni manne. Moja liko nyuma, hulioni kwa sababu hujawahi kunifanya nicheke vya kutosha. Mimi ni mzima. Hannah amepaka ile dawa, anasema inanuka kama wewe ulivyokuwa ukinuka utotoni, lakini goti limelegea kidogo. Anakusalimu, na anasema kama wataka kumpokonya mume uje na kuni kabisa.

Kabureta nimeishika. Imekufa, izike. Lakini mke wangu, umeitafuta pasipokuwa pake. Injini ya kigari chako si ya kigari. Ni injini ya pampu ya maji iliyovishwa magurudumu. Wanazitia kwenye pampu, kwenye mashine za kukatia majani ya ng'ombe, kwenye jenereta, na mzungu mmoja mwenye nafasi akaitia kwenye kiti cha mtoto. Kwa hivyo usiwaulize watu wa magari, waulize wakulima. Kuanzia Kikoneni mpaka huku kwetu kila mwenye shamba la mboga ana pampu iliyokufa nyuma ya nyumba.

Thoya, mkulima jirani yetu, anayo. Injini yake ilikatika mkono wa ndani, lakini kabureta haikuumia. Nimempelekea jogoo, akanipa kabureta na kuniamkia juu yake. Nimepima matundu kwa boliti zenyewe, si kwa macho kama wewe na mwenye duka wako. Zimeingia bila kusukumwa. Mkono wa akselereta uko upande wako.

Nitaifungua, niioshe, niiweke sawa, ndipo nikuletee. Usinunue nyingine. Kabureta ya mke wangu haitatoka kwenye boksi la dukani wakati mimi nipo hai. Nafasi ninayo tele. Tangu mwaka jana kazi zimepungua. Karisa, yule niliyemfundisha tangu hajui spana ina pande ngapi, amefungua gereji ng'ambo ya reli, na watu hupenda kipya. Wakipita hapa kwangu wananisalimia vizuri mno, hata wale waliokuwa wakinitukana kwa kuwachelewesha.

Mwambie Amin asimwite mtu wa Mombasa.

Mumeo,
Babu Tsofa

*

Mackinnon Road,
8 Machi 2024

Kwa mke mdogo,

Natumaini hujambo wewe na mama yako na mapacha wa mbuzi. Sisi twaendelea.

Kabureta hiyo hapo, ndani ya mfuko wa unga. Nimeosha kila tundu. Floti nimeiweka, sindano yake nimeiweka, gaskiti ya kuziba bakuli nimekata mwenyewe. Wewe kazi yako ni kufunga boliti mbili, mpira wa petroli na waya wa akselereta. Usiifungue. Hata kama mkono unakuwasha, usiifungue, nakujua.

Ramadhani iko mlangoni. Ukifunga, kunywa maji ya kutosha alfajiri, mafuta na njaa havipatani.

Niandikie ikitembea.

Mumeo fundi,
Babu Tsofa

*

Diani,
14 Machi 2024

Kwa Babu mpendwa,

Shikamoo Babu. Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema wewe pamoja na Bibi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mfungo umeanza salama.

Kabureta imefika na nimeifunga. Inafanya kazi vizuri. Nakushukuru sana kwa kazi yako nzuri na kwa kujisumbua kwako, Mwenyezi Mungu akulipe. Bwana Amin naye anakushukuru.

Naomba unisalimie Bibi na majirani wote.

Mjukuu wako,
Yusra

*

Mackinnon Road,
21 Machi 2024

Yusra,

Barua yako imefika. Hannah amenisomea mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani Mwinga ameleta ya watu wengine.

Umeniamkia shikamoo. Umeniita mpendwa. Umejiita mjukuu. Hakuna tusi hata moja, meno yangu hukuyagusa, mke mwenzio hukumchokoza. Umenishukuru mara tatu kwa mistari michache. Mimi nimekulea likizo zote za shule, nimekuona ukinishukuru mara moja tu, na siku hiyo ulikuwa umevunja redio.

Nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Hapa mjini siku hizi watu wote wananiheshimu. Nikiuliza kazi yangu imekaaje, wanajibu "vizuri sana, mzee". Thoya, aliyekuwa akibishana nami mpaka mate yanamtoka, ananiamkia kwa mikono miwili. Nikarudi nyumbani nikajisifu kwamba nimezeeka vizuri. Sasa na wewe umeanza, nami nimeogopa.

Mjukuu ni mke ili awepo mtu mmoja duniani anayeruhusiwa kukwambia kikwapa chako kinanuka. Watoto wangu hawawezi, majirani hawawezi, Hannah ana huruma. Ukiiacha kazi hiyo hakuna atakayeifanya.

Kabureta ina nini?

Tsofa

*

Diani,
27 Machi 2024

Kwa mume wangu,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Hujambo? Mimi sijambo mwilini.

Haya. Kabureta ilikuwa mbovu, na mbovu kwa mkono wako. Naandika haraka kabla sijaogopa tena.

Nilipoifunga na kufungua petroli, injini iliwaka, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma ovyo. Nikainama. Petroli ilikuwa inadondoka kutoka kwenye bakuli, tone juu ya tone, juu ya ekzosi. Nikazima, nikasukuma kigari nje nikakimwagia mchanga. Ekzosi ikishapata moto, Babu, tone moja lingetosha. Juu ya kiti hicho angekuwa amekaa mtoto wa mtu.

Nikaifungua, ingawa ulinikataza. Kijiti cha floti hakikuingia mpaka mwisho, kwa hivyo floti ilikaa upande kama boya lililolegea na sindano haikuziba petroli. Gaskiti ya bakuli ilikuwa imekunjwa ukingoni. Na jeti, Babu, jeti imechokolewa kwa waya. Tundu lake la kupimia petroli si duara tena, nimelitazama kwenye jua. Wewe ndiye uliyenipiga kofi mkononi nikiwa na miaka kumi na moja kwa sababu nilichukua waya. Ulisema jeti husafishwa kwa pumzi na petroli tu, na atakayeingiza waya akalime.

Nilikudanganya kwa sababu nilidhani nitaiweka sawa mwenyewe usijue kamwe. Floti na gaskiti niliweza. Jeti haitengenezeki. Kisha Jumamosi ya tarehe kumi na sita Bwana Amin akaja na watoto kumi wa sikukuu ya kuzaliwa, vigari vikawa haba, akasema toa na nambari nne, si inawaka. Nikamwambia inawaka lakini inameza petroli kupita kiasi na siiamini. Akasema yeye ndiye mwenye uwanja. Nikachomoa plagi kisiwake, nikaitia mfukoni, nikaenda kukata tiketi. Tangu siku hiyo hasemi nami ila kwa lazima, na nimemsikia akizungumza na mtu wa Mombasa kwenye simu.

Zimebaki wiki mbili Idi ifike. Nimeharibu kwa Amin na kwako pia.

Sasa nakuuliza kama mke. Macho yako yana nini? Mistari ya barua zako inapanda kilima, na herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Usinijibu "sawa sawa".

Mkeo mwenye mdomo,
Yusra

*

Mackinnon Road,
2 Aprili 2024

Mke wangu,

Hannah alipofika pale pa jeti alitaka kuruka mstari, nikamwambia soma, akasoma. Nilikasirika. Nilikwenda gerejini nikakaa, nikakutukana kwa Kiduruma na kwa Kiswahili. Kisha nikachukua kabureta nyingine, nikaitazama kwa jicho la kulia peke yake. Sikuona kitu, ni kama kutazama kupitia maji ya kuoshea mchele.

Ilianza mwaka jana mwanzoni. Jicho la kulia limefunga wingu, na la kushoto nalo linaanza. Nilijiambia mikono yangu inajua njia. Na kweli inajua, kwa vitu vikubwa. Springi ya lori naifunga hata nikilala. Lakini tundu la jeti ni jembamba kuliko unywele, na mkono hauna jicho. Waya niliuchukua kwa sababu sikuona kama tundu limefunguka, nikasema kidogo tu. Nimeona aibu kukuandikia hivyo kuliko aibu yoyote niliyowahi kuona. Ungeweza kumuunguza mtoto kwa jina langu.

Huzuni yangu baadaye. Idi ina siku nane.

Ile kabureta ya Ukunda uliyokataliwa kuirudisha, unayo? Mwili wake haufai, lakini matumbo yake yanafaa. Jeti zake zina nyuzi zile zile za kufungia, na sindano yake ya floti ni ya kipimo kile kile. Zitoe, uzitie kwenye mwili wa kabureta ya Thoya. Jeti hiyo ni ya injini ndogo kidogo, kwa hivyo kigari kitakuwa kizito kuondoka, lakini hakitatoa moshi wala hakitamwaga. Gaskiti usiikate kwa mkasi. Weka karatasi juu ya bakuli, gonga ukingo taratibu kwa nyundo ndogo, itajikata yenyewe kwa umbo lake. Ukimaliza, jaza petroli, usiwashe. Tandika gazeti kavu chini, uende ukaswali adhuhuri. Ukirudi gazeti likiwa kavu, washa.

Na ile plagi uliyoitia mfukoni, hapo ndipo nilipomwambia Hannah arudie. Alirudia.

Bado ni mumeo,
Tsofa

*

Diani,
13 Aprili 2024

Kwa mume wangu kipofu nusu,

Idi njema, hata kama wewe ni mtu wa Jumapili. Pilau yako imeliwa na wengine. Mama anakusalimu, amesikia habari za macho na amelia kidogo, kisha amekasirika, kama kawaida yake.

Gazeti lilikuwa kavu. Nililitandika adhuhuri, nikalitandika tena alasiri kwa kuwa sikuliamini. Tarehe nane nikawasha. Hakuna moshi wala harufu. Nikamwita Bwana Amin, nikamwambia apande yeye kwanza. Akanitazama, akapanda, na tumbo lake lile likagusa usukani. Akazunguka mara sita. Aliposhuka aliinama akapitisha kidole chini ya bakuli, akakinusa, akaenda zake.

Siku ya Idi uwanja ulijaa tangu saa tatu asubuhi. Nambari nne kimetembea siku tatu mfululizo. Ni kizito kuondoka kama ulivyosema. Watoto wanakikataa, wanataka vyenye mbio, lakini kina mama wamekigundua. Wanasukuma watoto wao wadogo kwenye nambari nne na kusema hicho ndicho chenye adabu.

Jana Amin amenipa ufunguo wa karakana. Nilidhani atasema ni kwa ajili ya kigari. Akasema: "Mafundi nimepata wengi wa kuniambia iko tayari. Wa kuniambia haiko tayari nikiwa nimesimama na watoto kumi, ni wewe tu." Na dirishani amemweka Beryl, msichana mgeni kutoka bara, anayewaita wateja wote "buda", wazee kwa vijana. Nimefurahi, Babu. Nimefurahi mpaka nimefagia karakana mara mbili bila sababu.

Sasa zamu yako. Madaktari wa macho wanakuja Kwale mwezi ujao, wanatoa wingu la jicho na mtu anarudi kwao siku ya pili. Nimekuandikisha jina, ni tarehe ishirini na moja Mei. Usiniambie umri wala mbuzi. Ukikataa nitakuja mwenyewe Mackinnon Road nisimame sokoni nitangaze kwamba nadai talaka.

Mkeo,
Yusra

*

Mackinnon Road,
29 Aprili 2024

Kwa mke wangu,

Hatujambo. Mvua imetupiga siku tano, gereji imeingia maji, hakuna kilichopotea. Hongera kwa ufunguo. Nilimwambia kila mtu, hata mtu wa posta ambaye hakuuliza. Kwale nitakuja.

Nina jambo la kukueleza, kaa chini. Baada ya barua yako ya plagi nilihesabu watu wote niliowafanyia kazi ndogo tangu jicho lifunge. Ni kumi na mmoja. Nikasema kama kabureta yako ilikuwa vile, zao zikoje? Nikachukua fimbo, nikaenda nyumba kwa nyumba.

Wa kwanza alikuwa dereva wa pikipiki. Nikamwambia kazi niliyokufanyia haikuwa nzuri, ilete irudiwe. Akaanza kukohoa. Wa pili akatazama kuku. Wa tatu, kwa kuwa ni mlevi, akasema kweli: alipotoka kwangu alivuka reli moja kwa moja kwa Karisa. Wote kumi, Yusra. Waliniletea kazi, wakanipa changu, wakaniaga vizuri, wakaenda kwa Karisa ikafanywa upya. Na Karisa mwenyewe alikuwa akiwasihi wasiache kuja kwangu kwanza, nisije nikahisi. Nilimwendea nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Fundi, ningeanzia wapi?" Akatazama viatu vyake. Nikamwacha, maana nilimfundisha mwenyewe kwamba fundi mkubwa hasahihishwi mbele ya watu, na kwa fundi mkubwa kila mahali ni mbele ya watu.

Hayo ningeyameza. Lakini wa kumi na moja ni Mama Eunice, mjane wa kule kwenye lambo, mwenye mbuzi na bustani ya mboga, unayemjua kwa sauti yake kanisani. Nilimtengenezea pampu Novemba. Kila Jumapili nilimuuliza, pampu inaendeleaje, naye akajibu, "Vizuri, baba, Mungu akubariki." Nikafika kwake. Pampu iko chini ya turubai, mahali pale pale nilipoiacha. Haijatoa maji hata siku moja. Tangu Novemba anateka kwa ndoo kutoka lambo, safari sita asubuhi na sita jioni, na mtu ana miaka zaidi ya sitini. Bustani imebaki matuta mawili.

Nikamuuliza, mama, mbona hukuipeleka kwa Karisa kama wenzio? Akasema, "Ulisema imepona. Ningempelekea Karisa, ungesikia, ungeumia."

Nililia pale kwake. Sikuona haya, kulikuwa na mbuzi tu. Watu kumi walinidanganya wakaendelea na maisha yao. Huyu aliyeniheshimu kweli ndiye aliyebeba ndoo.

Nimeitoa kabureta kwenye pampu yake, nimekuletea kwa Mwinga. Karisa yupo hapa karibu, lakini Karisa akiifungua ataniambia ilikuwa na kasoro ndogo tu. Sitaki kasoro ndogo. Itengeneze wewe, uniandikie kila ulichokikuta ndani, usipunguze hata kimoja. Hannah nimemwapisha asiruke mstari.

Mumeo,
Tsofa

*

Diani,
9 Mei 2024

Kwa mume wangu mharibifu,

Hujambo wewe, hajambo mke mwenzangu? Huku mvua imepungua na uwanja umekauka. Nilikosa raha siku mbili kwa ajili ya Mama Eunice, kisha nikaamua hasira yangu niitie kwenye kazi.

Umeomba, basi pokea. Hannah, soma polepole.

Jeti kuu imechokolewa kwa waya, vibaya kuliko yangu. Jeti ndogo hukuifungua kabisa, ilikuwa na tope la mwaka juzi. Floti uliiweka juu chini. Sijawahi kuona mtu akiweka floti juu chini, Babu, hata Beryl aliona akacheka, naye hajui floti ni nini. Skurubu moja ya bakuli uliibana mpaka nyuzi zikafa, na nyingine ukaisahau, nahisi iko kwenye mfuko wa suruali yako ya kahawia. Chujio la petroli ulilipaka grisi. Hiyo sikuielewa na sitajaribu kuielewa. Pampu hiyo isingewaka hata ingeombewa na kwaya nzima.

Sasa ni nzima. Jeti zote mbili mpya, nimezipata kwa mkulima wa Kikoneni kama ulivyonifundisha, kwa kupita nyuma ya nyumba za watu. Nyuzi nimezitengeneza upya. Nimeitia kwenye injini ya nambari nne nikaijaribu nusu saa, gazeti likabaki kavu. Kisha nimeitoa. Kuifunga kwenye pampu aifunge Karisa. Wewe usishike spana. Kazi yako siku hiyo ni kumshikia Karisa tochi, na akikosea umwambie, na wewe ukimulika vibaya akwambie, mbele ya Mama Eunice na mbele ya mbuzi.

Tarehe ishirini na moja nitakungoja Kwale mwenyewe, nimeomba ruhusa kwa Amin. Vaa shati safi.

Mkimaliza kufunga, usiulize kama pampu inaendelea vizuri. Mama Eunice atakujibu "vizuri, baba", hata ikiwa inatoa hewa. Nenda kwenye mdomo wa bomba utie mkono wako, ukae nao hapo mpaka ulowe.

Mkeo, fundi wa Diani,
Yusra